Mtawa na Bendi ya Shule: Kamina 1953–1958 na Swali la Majina ya Waimbaji Wetu

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya kundi la muziki la shule lililoanzishwa Kamina, Katanga, mwaka 1953 na mtawa wa Shirika la Mtakatifu Fransisko, Padre Guido Haazen. Kundi hilo, lililoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, ndilo lililoiimba Missa Luba, santuri iliyosikika Ulaya na Marekani kwa miongo kadhaa. Hoja yetu ni kwamba kazi hiyo ilitungwa na watoto, walimu na mtawa kwa pamoja, lakini namna ilivyohifadhiwa na kuchapishwa ilimfanya mtu mmoja kuwa mwenye kazi na wenzake kuwa idadi. Makala inaonyesha kuwa katika miaka hiyo hiyo palikuwa na desturi nyingine, Rwanda kwenyewe na Katanga kwenyewe, ya kuhifadhi sanaa pamoja na majina ya wasanii. Mwisho, tunatoa mapendekezo kwa shule, hifadhi za nyaraka na watunga sera wa Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Kagarama ni sekta ya wilaya ya Kicukiro, jijini Kigali. Mahali kama hapa, penye shule na makanisa yaliyo karibu karibu, mwalimu wa muziki hana shida ya kupata vijana wanaotaka kuunda bendi. Tumchukulie mwalimu mmoja wa namna hiyo. Anakusanya wanafunzi kumi na watano baada ya vipindi, mmoja ana gitaa la umeme, mwingine anapiga ngoma, wengine wanaimba. Mwanafunzi mmoja analeta mahadhi aliyoyasikia kwa nyanya yake. Mwingine anayabadilisha. Mwalimu anayapanga. Wimbo unarekodiwa kwa simu na kupakiwa kwenye intaneti jioni ile ile. Katika nafasi ya jina la msanii, mwalimu anaandika nini?

Swali hili laonekana dogo. Hata hivyo, jibu lake ndilo litakaloamua miaka sitini ijayo nani atatajwa kuwa alitunga wimbo huo, nani atalipwa ukitumika katika filamu, na mtafiti atamtafuta nani akitaka kujua ulitoka wapi. Eneo letu tayari limepitia jambo hilo mara moja, tena kwa kiwango kikubwa, na matokeo yake yanaweza kusomwa. Ndiyo maana makala hii, ingawa inaanzia na kuishia Kagarama, inakwenda kwanza Kamina.

Kabla ya kwenda huko, tueleze matumizi ya neno. Kundi la Kamina lilikuwa la sauti na ngoma, halikuwa na magitaa. Kuliita bendi si kulazimisha mambo. Kiswahili kilipolipokea neno hili pwani mwishoni mwa karne ya 19 kililitamka beni, na beni haikuwa aina ya ala bali utaratibu: watu waliojipanga, wenye mazoezi, sare, vyeo na mashindano. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, alionyesha jinsi utaratibu huo ulivyochota kutoka katika bendi za tarumbeta za misheni na za majeshi, kisha ukasambaa kutoka pwani hadi bara, ukivuka mipaka ya makoloni. Kwa maana hiyo, bendi ya roki ya wanafunzi wa leo, kwaya ya ngoma ya Kamina, na bendi ya tarumbeta ya misheni ni ndugu wa ukoo mmoja. Kinachoziunganisha ni shule kama mahali, mazoezi kama nidhamu, na mara nyingi mtawa au padre kama mlezi.

2.0 Watawa, shule na muziki katika eneo la Maziwa Makuu

Katika maeneo yaliyokuwa chini ya Ubelgiji, elimu ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa mashirika ya kitawa. Nchini Rwanda, Mabruda wa Upendo walifungua Groupe Scolaire ya Astrida, Butare ya leo, mwaka 1929, shule iliyolea watumishi wengi wa serikali wa Rwanda na Burundi. Huko Nyundo, shule ya sanaa ilianzishwa mwaka 1952 katika mazingira ya misheni. Wasalesiani wa Don Bosco walikuwa na shule ya ufundi Kicukiro. Katika shule za namna hii mtawa aliishi na wanafunzi, alisali nao na kucheza nao, na penye muziki mara nyingi aliimba au kupiga ala pamoja nao. Hakuwa mgeni anayekuja kurekodi na kuondoka. Alikuwa mmoja wa kundi, ingawa alikuwa mmoja mwenye funguo za ghala, za kanisa na za kalamu.

Nafasi hiyo ya pande mbili ndiyo inayofanya historia yake iwe ngumu kuandika. Wanaompenda mtawa humwandika kama mwanzilishi wa kila kitu. Wanaomshutumu humwandika kama mwizi wa utamaduni. Simulizi zote mbili zina kasoro moja: zinamweka yeye katikati, na waimbaji wanabaki pembeni. Tunapendekeza kuanza upande mwingine, kwa kuuliza kazi ilifanywaje.

3.0 Kamina, 1953–1958

Kamina, leo makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji wa njia panda ya reli katika nchi ya Waluba. Kiluba ni lugha ya nyumbani, na Kiswahili cha Katanga ni lugha ya soko, kituo cha treni na kazi. Padre Guido Haazen, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1921, aliteuliwa kuongoza shule kuu ya Kamina mwezi Septemba mwaka 1953. Katika muda wa miezi michache alikuwa ameunda kundi la kuimba na kupiga ngoma. Lilikuwa na wavulana wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15 wa shule hiyo. Lilipewa jina la Baudouin, mfalme kijana wa Wabelgiji aliyeshika kiti mwaka 1951.

Wengi wa wamisionari wa wakati huo walifundisha nyimbo za Ulaya kwa maneno ya Kiafrika. Kamina mambo yalikwenda kinyume: maneno ya misa yalibaki Kilatini, na muziki ukawa wa wenyeji. Kazi ilifanyika kwa kubuni pamoja. Walichukua mtindo wa wimbo uliojulikana, wakaweka juu yake maneno ya Kilatini, mwimbaji mmoja akatangulia, kundi likaitikia, na ngoma zikashika mwendo. Mazoezi yaliporudiwa, sehemu zilizopendeza zilibaki na nyingine ziliachwa. Maelezo yaliyoambatana na santuri yanasema bila kificho kwamba misa hii haikuandikwa kwa nota, na kwamba baadhi ya mapambo na midundo yake yalibuniwa papo hapo.

Mitindo iliyotumiwa inajulikana. Sehemu za Bwana Utuhurumie, Utukufu na Nasadiki zilijengwa juu ya kasala ya Waluba. Mtakatifu ulifuata namna ya wimbo wa kuagana, na shangwe ya Hosana ikachukua mdundo wa dansi ya Kasai. Mwanakondoo ulitokana na wimbo wa Bena Luluwa. Yaani kundi halikuchota katika kijiji kimoja. Lilikusanya mitindo ya eneo pana, na ukusanyaji huo ulihitaji watu waliozijua nyimbo hizo tangu utotoni. Mtawa kutoka Antwerp, mwenye miaka michache tu Kongo, hakuweza kuwa chanzo cha kasala. Chanzo kilikuwa walimu wake na watoto wao, na nyuma yao mama na mababu zao.

Misa hiyo iliimbwa kwa mara ya kwanza katika ibada tarehe 23 Machi 1958, katika kanisa la misheni ya Mtakatifu Bavo, Kamina. Tarehe hiyo ina uzito katika historia ya Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano haukuwa umeitishwa bado, na hati yake juu ya liturujia, iliyoagiza muziki wa mataifa ya misheni upewe heshima yake, ilitolewa Desemba 1963. Wavulana wa Kamina walitangulia hati hiyo kwa zaidi ya miaka mitano. Hawakutekeleza mageuzi yaliyoamriwa kutoka juu, bali ni miongoni mwa walioonyesha kwamba yanawezekana.

4.0 Brussels: uzio na jukwaa

Mwaka huo huo kundi lilisafiri Ulaya. Liliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na lilishiriki katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels, yaliyofunguliwa mwezi Aprili 1958. Watazamaji waliwashangilia.

Katika maonyesho hayo hayo palijengwa pia kijiji cha Kikongo, ambamo wanaume, wanawake na watoto walikaa nyuma ya uzio wa mianzi wakifanya kazi za mikono ili watu wawatazame. Baadhi ya watazamaji waliwarushia ndizi na njugu kama wanavyorushiwa wanyama. Wakongo hao walikataa udhalilishaji huo, na kufikia Julai wengi wao walikuwa wameondoka kurudi kwao.

Mwanahistoria hana ruhusa ya kusimulia tukio moja na kuliacha jingine. Jukwaa na uzio vilikuwa katika maonyesho yale yale, mwaka ule ule. Mtoto wa Kamina aliyepigiwa makofi na fundi aliyerushiwa ndizi walionwa na umati uliotoka katika jamii moja, na kwa umati huo wote wawili walikuwa Wakongo tu, watu wasio na majina. Makofi hayakulitatua tatizo la uzio. Pengine yalilifunika.

5.0 Safari ya santuri

Santuri ya Missa Luba ilitolewa na kampuni ya Philips. Upande mmoja ulibeba misa, na upande wa pili ulibeba nyimbo za Kikongo: za harusi, za kutoka matanga, za kazi na za askari. Upande huu wa pili husahauliwa na waandishi wengi, ingawa ndio unaotuonyesha kwamba kundi halikuwa kwaya ya kanisa pekee. Lilikuwa bendi ya shule yenye hazina ya nyimbo za maisha yote, na misa ilikuwa sehemu mojawapo ya hazina hiyo.

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Siku kumi na moja baadaye Katanga ilitangaza kujitenga, na vita vikafuata. Wakati nchi ya waimbaji ikiwaka moto, sauti zao ziliendelea kusafiri. Pier Paolo Pasolini aliutumia Utukufu wa Kamina katika filamu yake ya mwaka 1964 juu ya Injili ya Mathayo. Lindsay Anderson aliutumia Mtakatifu katika filamu if.... ya mwaka 1968, inayohusu wanafunzi wa shule ya bweni ya Uingereza wanaoasi walimu wao. Mhusika mkuu huucheza wimbo huo mara kwa mara chumbani mwake. Filamu ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 1969, na Mtakatifu ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza mwaka huo huo, ukishindana na bendi za roki za wakati ule.

Hapa historia ya bendi ya shule na ya roki zinakutana kwa njia isiyotarajiwa. Kizazi cha vijana wa Ulaya kilichotaka uhuru kupitia muziki wa magitaa kilijitambua katika sauti za wanafunzi wa Katanga. Waafrika walioimba, ambao wakati huo walikuwa vijana wa miaka kati ya 19 na 25, walikuwa wakiishi katika nchi iliyotoka vitani.

6.0 Nani aliyetunga?

Tuangalie sasa jinsi kazi ilivyoandikwa. Katika maelezo ya santuri, Haazen anatajwa kwa jina kama kiongozi. Joachim Ngoi, mwalimu aliyeimba sauti ya kutangulia, naye anatajwa. Watoto wanatajwa kwa idadi na umri. Nota zilipochapishwa baadaye kwa ajili ya kwaya za nje, jina lililowekwa juu ya ukurasa lilikuwa la Haazen kama mpangaji. Kuanzia hapo, vipeperushi vingi vya matamasha vilimwita mtunzi.

Mlolongo huu hauhitaji mtu mwovu ili ueleweke. Mfumo wa hakimiliki uliotumika ulijua aina moja ya mtunzi: mtu mmoja, mwenye saini, aliyeandika karatasi. Kazi ya kubuni kwa pamoja haikuwa na safu yake katika fomu. Wimbo wa asili nao ulihesabiwa kuwa hauna mwenyewe, hivyo yeyote aliyeupanga aliweza kuwekwa juu yake. Vitu viwili ambavyo kwa Waluba vilikuwa na wenyewe, yaani mtindo wa jamii na ubunifu wa kundi, vilipita katika fomu hiyo kama maji katika kichujio, na kilichobaki juu ni jina la mtawa.

Jambo hili linauma zaidi tukikumbuka kasala ni nini. Kasala ni utenzi wa sifa ambao kiini chake ni kutaja: jina la mtu, jina la baba yake, la mama yake, la ukoo, la mahali walipotoka. Huimbwa msibani na katika sherehe ili aliyetajwa asipotee. Msomi Mkongo Patrice Mufuta, aliyeichunguza kasala mwishoni mwa miaka ya 1960, ameifanya ijulikane kwa wasomaji wa nje kama fasihi kamili yenye kanuni zake. Basi sanaa ya kutaja majina ndiyo iliyobeba misa hii duniani, na walioiimba ndio waliokosa kutajwa.

7.0 Desturi nyingine za wakati huo

Mtu aweza kusema kwamba tunawahukumu watu wa zamani kwa vipimo vya leo. Pingamizi hilo ni la haki na linahitaji kujibiwa kwa ushahidi wa wakati wao wenyewe. Mifano mitatu inatosha.

Mfano wa kwanza ni wa Rwanda. Padre Alexis Kagame, aliyezaliwa mwaka 1912, alichapisha mwaka 1951 utafiti wake juu ya tungo za kifalme za Rwanda. Alikusanya ibisigo kutoka vinywani mwa waliozihifadhi, na alipoziorodhesha alizihusisha na washairi waliozitunga na wafalme ambao zilitungwa katika enzi zao. Hakuwafanya abasizi kuwa sauti ya kabila isiyo na mtu. Kagame alikuwa padre, aliishi chini ya utawala ule ule wa Kibelgiji, na aliandika miaka saba kabla ya santuri ya Kamina. Tunajua kuwa kazi yake imekosolewa, hasa katika tarehe na nasaba. Lakini juu ya swali letu alikuwa mbele: kwake shairi lilikuwa na mwenyewe.

Mfano wa pili ni wa Katanga. Hugh Tracey, aliyeanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika mwaka 1954, alipita Kongo na Rwanda mwaka 1952 akirekodi. Huko Jadotville, Likasi ya leo, alimrekodi kijana mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda, na wimbo wake Masanga ukatoka ukiwa na jina lake. Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili, alikuja kujulikana na kualikwa Nairobi, na wapiga magitaa wa Kenya walijifunza kwake. Tracey alikuwa na mapungufu yake ya kizazi cha ukoloni, lakini kadi zake za uwandani zilikuwa na safu ya jina la mpigaji. Kwa sababu ya safu hiyo, Mwenda ana historia. Mvulana wa Kamina, aliyekuwa jimbo hilo hilo, hana.

Mfano wa tatu ni wa Tanganyika. Padre Stephen Mbunga, mtunzi wa Missa Baba Yetu, alitoa mwaka 1963 kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Yeye hakuwa mwanafunzi katika kundi la mtawa. Alikuwa Mwafrika anayetunga, anayesaini na anayejadili sheria. Kazi yake inaonyesha kwamba swali la nani ana mamlaka juu ya muziki wa ibada lilikuwa linaulizwa na Waafrika wenyewe katika miaka hiyo hiyo.

Kwa hiyo hatusemi kwamba Haazen alipaswa kuwa mtu wa karne ya 21. Tunasema kwamba mwaka 1958, katika eneo hili, njia ya kutaja majina ilikuwepo na ilikuwa inatumika.

8.0 Kurudi nyumbani

Missa Luba ilirudi Afrika Mashariki kwa mlango mwingine. Mwaka 1990, Muungano National Choir ya Nairobi, ikiongozwa na Boniface Mganga, ilitoa rekodi yake ya misa hiyo, tena kwa kampuni ya Philips. Safari hii mwongozaji alikuwa Mkenya na waimbaji walikuwa watu wazima. Ni rekodi yenye heshima kubwa, na ilithibitisha kwamba kazi ya Kamina ni urithi wa eneo zima. Lakini tuzingatie kwamba kile kilichobuniwa na watoto kwa kusikilizana sasa kilikuwa kimekuwa kazi iliyokamilika, inayofunzwa na kukaririwa. Ubunifu wa papo hapo wa mwaka 1958 ulikuwa umegeuka maandishi, na maandishi yalikuwa na jina la mtu mmoja.

Nchini Rwanda, sababu ya kulishughulikia jambo hili ni nzito kuliko hakimiliki. Cyprien Rugamba, mshairi, mtunzi na mwalimu wa dansi, aliyepitia malezi ya seminari kabla ya kuwa mtafiti Butare, aliuawa Kigali tarehe 7 Aprili 1994 pamoja na mkewe Daphrose na baadhi ya watoto wao. Wanamuziki wengine wengi waliuawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Walikwenda na nyimbo ambazo hazikuwa zimeandikwa, na pia na kumbukumbu ya nani aliimba nini na nani. Kicukiro, wilaya ambayo Kagarama imo, inajua hilo kwa namna yake: maelfu waliokimbilia shule ya ufundi ya Wasalesiani waliachwa tarehe 11 Aprili 1994, askari wa Ubelgiji walipoondoka, na wengi wakauawa Nyanza ya Kicukiro. Kazi ya kukusanya majina ya waliouawa imechukua miaka mingi. Katika nchi hii hakuna haja ya kumweleza mtu kwa nini orodha ya majina si jambo la karani tu.

9.0 Mapendekezo

Mazingira ya sera yamebadilika. Rwanda ilitunga sheria pana ya miliki bunifu mwaka 2009. Itifaki ya Swakopmund juu ya maarifa ya jadi na sanaa za jamii ilipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2015, na Rwanda ni miongoni mwa nchi zilizoiridhia. Muziki umepata nafasi katika elimu: shule ya muziki ilifunguliwa Nyundo mwaka 2014 na baadaye ikahamishiwa Muhanga. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kamina na Kagarama sasa zimo katika jumuiya moja yenye lugha moja ya kuelewana. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila shule inayorekodi muziki wa wanafunzi iwe na karatasi moja ya kumbukumbu, yenye majina ya wote walioshiriki, aliyeleta mahadhi na alikoyapata, lugha, mahali na tarehe. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji agizo na mwalimu mwenye kalamu. Kwa kuwa wanafunzi ni watoto, majina yao yatangazwe kwa idhini ya wazazi, lakini yahifadhiwe shuleni kwa vyovyote vile.

Pili, sheria za hakimiliki za nchi wanachama zisomwe upya kwa swali la utunzi wa pamoja. Kundi la shule liweze kusajiliwa kama mtunzi, na mapato yawe na mahali pa kwenda hata baada ya wanafunzi kuhitimu.

Tatu, mashirika ya kitawa yaombwe kufungua hifadhi zao za shule, zilizo hapa na zilizo Ulaya. Daftari za mahudhurio za shule ya misheni huenda zikawa orodha pekee ya waimbaji tunayoweza kuipata, na wenye daftari hizo ni washirika wetu, si washtakiwa.

Nne, na hili ndilo la haraka, watafutwe waimbaji wa Kamina walio hai. Mvulana aliyekuwa na miaka 9 mwaka 1958 alizaliwa karibu mwaka 1949, na aliyekuwa na miaka 14 alizaliwa karibu mwaka 1944. Walimu wao karibu wote watakuwa wamekwenda. Wazee hawa wanazungumza Kiluba na Kiswahili cha Katanga. Watafiti wanaofaa kuwahoji ni watafiti wa Kiswahili, na vyuo vya Lubumbashi, Kigali na Dar es Salaam vinaweza kuifanya kazi hiyo pamoja. Kila mwaka unaopita unapunguza wa kuulizwa.

10.0 Hitimisho

Historia ya bendi ya shule yenye mtawa ndani yake si historia ya mtawa. Haazen alifanya jambo la maana: aliwaachia watoto wimbo wao mahali ambapo wengine waliwanyang'anya, na alisimama nao jukwaani. Tunaweza kulisema hilo kwa shukrani na bado tukasema kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwake, na kwamba majina arobaini na tano hayakuingia katika santuri.

Mwalimu wa Kagarama tuliyemwacha na simu yake mkononi ana uwezo ambao Kamina haukuwepo. Nafasi ya jina la msanii iko wazi mbele yake, na inachukua majina mengi kadiri atakavyo. Ayaandike yote, na lake liwe miongoni mwayo.